Mume Wangu Hakuwa Mlevi

Nina hasira, na sitamwomba mtu radhi. Mume wangu Radoy aliendesha mtambo wa rakia wa kijiji chetu kwa miaka thelathini. Watu walileta plamu zilizochacha, akawapikia, wakarudi nyumbani na pombe yao. Yeye alionja na kutema. Kumeza aliacha siku tuliyomzika baba yake, aliyekufa kwa ugonjwa wa ini.

Miaka mitatu iliyopita uso wake ulianza kuiva, mwekundu kama pilipili hoho tunazochoma Septemba. "We Radoy, leo umemaliza pipa la nani?" majirani wakamtania, naye akacheka. Kisha ikawa kila akioga maji ya moto mwili mzima unamwasha, anajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango. Kipele hakikuwepo hata kimoja. Nikafanya alivyofanya mama yangu: nikamsugua rakia mwili mzima, asubuhi hiyohiyo nikampeleka kwa Daktari Penchev.

Penchev alinusa tu.

"Mzee, acha kunywa, uso utapoa."

"Daktari, hanywi. Nimempaka mimi."

"Mama, wake wote husema hivyohivyo."

Akaandika ulevi. Hakutoa damu hata tone moja apime. Tulirudi mara nne, na kila mara nilikuwa nimempaka, mjinga mimi, kwa sababu kilichomtuliza kidogo ni hicho tu. Vidole vya miguu vikaanza kuwa vyekundu na kuchoma kama moto. Akaandika ulevi tena.

Februari Radoy alianguka kando ya mtambo. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa ubongo. Kwenye hospitali ya mjini, daktari mmoja binti alisikia habari ya kuwashwa baada ya kuoga, akashangaa: "Miaka yote hiyo hakuna aliyempima damu?" Ilikuwa saratani ya damu. Uboho wake unatengeneza chembe nyekundu kupita kiasi, damu inakuwa nzito. Sasa anapunguzwa damu kila baada ya wiki kadhaa na anameza vidonge. Lakini mkono wa kulia umekufa, na ulimi umebakiwa na jina langu tu.

Oktoba Penchev akaja na mapipa mawili ya plamu. Mtambo naendesha mimi sasa. Kwetu glasi ya kwanza ni ya mwenye matunda. Nikaijaza mpaka juu, nikammwagia yote kwenye koti.

"Haya, Daktari. Sasa pita kijijini ukawaambie watu kwamba hujanywa."