Picha ya Pua Yangu

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na nikiikumbuka huwa natamani kofia inishuke hadi kidevuni. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Amu, yaani Lamu, nami nimemposa Zuhura binti Athmani, posa ikakwama kwa ajili ya pua (naam, pua!), kwani mtu alikwenda kumpasha baba yake kwamba natokwa na damu puani kila mara, na mzee akasema hamwozi bintiye kwa mgonjwa.

Nikaenda Mombasa kwa daktari, akanipiga picha ya eksirei, akaniambia mifupa mizima, mishipa ya damu haionekani katika picha ile, ila iko midogo midogo imekutana hapa mbele, ndani kidogo tu ya tundu, nisipoichokoa itapona. Mimi nikasikia "mizima", mengine yakapita. Ami yangu akanishauri picha niiache nyumbani, lakini kwa majivuno yangu nikaitia kwapani.

Niliporudi Amu, barazani kwake, Bwana Athmani akaiinua juani, akaona fuvu linamkenulia meno.

"Huyu ndiwe?"

"Ndimi, Bwana."

"Na hiyo mishipa itokayo damu i wapi?"

Pichani hamna hata mshipa mmoja, nami nikaona haya kunyamaza, basi kwa udaktari wangu wa siku mbili nikasema, "Iko hapa," nikatia chanda, kidole hiki cha shahada, puani kumwonesha (mbele ya mkwe, jamani!), kikazama kuliko nilivyokusudia, damu ikachuruzika, nikashtuka, nikapiga chafya, na kanzu yake nyeupe ikapata fungu lake.

Nikajua Zuhura nimemkosa, na roho iliniuma, kwa maana nilimpenda. Bibi yake Zuhura akatoka mbio na leso, akanibana pua. "Kaa kitako! Inamisha kitwa, usimeze damu!" Nikakaa hivyo, wapita njia wakinitolea salamu nisizoweza kujibu, mpaka damu ikakatika.

Ndipo nyuma ya mlango sauti ya Zuhura ikasema, kicheko kimemjaa, "Baba, pua yake haina neno. Chenye maradhi ni chanda."

Bwana Athmani akaitazama kanzu yake, akanitazama mimi, akacheka hadi akashika mbavu, na posa ikapita palepale.

Tangu siku ile nimeapa simwoneshi mtu mshipa wowote. Lakini hata leo, uzeeni, nikipeleka mkono usoni kufukuza nzi tu, Zuhura huita kutoka jikoni, "Chanda hicho, Bwana!"