Njia Iliyolimwa

Tulipokuwa tunakaa Fittja, huku Uswidi, mama alipata kazi ya kufua nguo katika nyumba ya wazee, ng'ambo ya shamba la shayiri. Ilikuwa kazi ya majaribio. Mimi nilifuatana naye kumsaidia kukunja mashuka, maana shule yangu iliishia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, shule ya msingi tu, na Kiswidi nilikuwa bado najifunza. Kusikia nilisikia kidogo. Kusema niliona haya.

Njia ya miguu ilikata lile shamba. Watu wote waliipita, hata wenye mbwa. Asubuhi moja baada ya theluji kuisha tukaikuta imelimwa. Mabonge ya udongo mweusi tu, toka huku mpaka kule.

"Mwenye shamba ameila njia," mama akasema. Kwao Burundi aliwajua watu wa namna hiyo, wanaosogeza jembe kidogo kidogo kila msimu mpaka jirani akose pa kupita. "Alikuwa anatuona. Hakupenda."

Tukazunguka kando ya mtaro, tukachelewa. Siku iliyofuata vilevile. Msimamizi akamwambia mama, kwa sauti ya chini, kwamba akiendelea kuchelewa hawataweza kubaki naye. Ile sauti ya chini mama aliiogopa kuliko makelele.

Kesho yake tukakuta trekta shambani. Mzee mwenye kofia ya sufu akazima injini, akasimama juu ya trekta, akatupungia mkono huku akipaza sauti: "Mitt i! Mitt i!"

Mama akanishika mkono. "Umesikia? Miti. Anatupeleka kwenye miti."

Kweli, nyuma ya shamba kulikuwa na msitu. "Kuna nini huko?" nikauliza.

"Si nikuulize wewe unayesoma! Mwanaume yuko peke yake, anawatuma wanawake msituni. Rudi nyuma, mwanangu."

Tukarudi nyuma. Mzee akaita tena, safari hii akionyesha chini. Ndipo likanijia, polepole, kama mambo yote yanavyonijia.

"Mama, siyo miti. Ni Kiswidi. Anasema katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya shamba. Tupite."

"Shule gani hiyo inayofundisha kukanyaga mbegu za watu? Tukishaingia tu, ataita polisi."

Mzee akashuka, akaja karibu, akasema taratibu ili nielewe. Akishalima ni lazima airudishe njia, maana si yake peke yake. Mvua ndiyo ilimchelewesha, tumsamehe. Sasa niliuona mstari bapa alioushindilia kwa magurudumu, umenyooka mpaka ng'ambo. Nikamweleza mama.

Mama akamtazama mzee usoni, kisha buti zake. "Mbona anaomba msamaha? Anataka nini?"

Muda ulikuwa unakwenda, nikatangulia. Sikuwa nimezoea kumtangulia mama popote. Nilitaka kukimbia.

"Usikimbie!" akanong'ona nyuma yangu. "Ukikimbia atasema tumeiba. Toa mikono mifukoni."

Tulifika mashine za kufulia hazijawashwa bado. Msimamizi akatazama saa ya ukutani, akatazama viatu vyetu, akasema tuvivue mlangoni na tuanze kazi. Mama alivua vyake, akatoka navyo nje tena. Akavigonganisha, akavichungulia ndani, kisha akachukua na vyangu, asije mtu akakuta punje ya shayiri.