Mayai ya Popi

Mwezi jana nilikuwa Malili kwa binti yangu. Asubuhi, nikiwa bado nashika kikombe cha chai, nilimwona akichukua yai bichi, akaligonga ukingoni mwa bakuli la mbwa na kulimwaga juu ya chakula. "Daktari wa mifugo alisema mara mbili kwa wiki, mama. Manyoya yanang'aa." Mbwa akalamba bakuli mpaka likaanza kutembea sakafuni. Niliweka kikombe chini, nikatoka nje. Binti yangu alidhani ni kinyaa cha watu wa zamani. Sikumweleza. Wewe nitakueleza, maana nimezeeka na jambo hili sijawahi kulitoa kinywani.

Mimi nililelewa Kilungu kwa mama ya mama yangu. Sisi Wakamba nyanya tunamwita susu, na mpaka leo sijui kumwita vingine. Mama alifanya kazi mbali, akija kila baada ya miezi kadhaa. Boma la Susu lilikuwa mlimani, matuta ya shamba yakishuka mpaka kijitoni. Nilikuwa naamshwa na mchi, Susu akitwanga mahindi kuyatoa maganda apike muthokoi, na njiwa wakilia kwenye mipera. Kazi zangu zilikuwa kufagia uwanja, kuteka maji na kuokota mayai. Kuku wa Susu walitaga walikotaka: chini ya ghala, ndani ya majani ya mbuzi, hata kwenye karai lililotoboka. Nilijua kila kiota kama ninavyojua vidole vyangu.

Popi alikuwa mbwa wetu, jike, wa kahawia, mwenye koo jeupe. Aliletwa akiwa mchanga, na jina la utotoni, "puppy" ya Kiingereza, likamganda. Siku za kawaida alikula ukoko wa ugali uliolowekwa kwenye maziwa ya mgando. Lakini kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, Susu alimpasulia yai bichi kwenye kipande cha kibuyu. Wanawake wa kijiji walimshangaa. Wengi wao hata watoto wao hawakuonja yai. Mama jirani, ambaye shamba lake lilipakana na letu, alikuwa akisema waziwazi, "Unamfundisha njia ya kiotani. Mbwa akishaonja yai, hakuna kuku atakayeangua hapa." Susu alifunga leso yake ya kichwani akajibu, "Mbwa anayelishwa haibi. Anayeiba ni yule aliyesahauliwa."

Kisha ukaja ule mwaka wa mahindi ya njano. Kama ulikuwa kwetu miaka hiyo ya themanini, unaujua. Mvua ya Novemba haikuja. Tulipanga foleni kwa chifu tukapewa mahindi ambayo hata yakipikwa kutwa yalikuwa na harufu ya gunia. Kabla ya hapo ugonjwa ulikuwa umefagia kuku, wakabaki watatu. Susu aliamua kwamba hakuna yai litakaloliwa tena, na mtu wala mbwa. Yote yangewekwa chini ya kuku mmoja mwekundu ayalalie, ili tupate kuanza upya.

Na ni wakati huohuo Popi alipozaa. Watoto wanne, nyuma ya zizi la mbuzi. Jumapili alikuja akakaa mlangoni kama desturi, masikio yamesimama, akamtazama Susu akipita na Biblia yake bila kuinama. Akakaa hivyo mpaka tukapotea njiani. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Watoto walinyonya huku wakilia, kwa sababu hapakuwa na cha kunyonya.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilichukua yai moja kiotani, nikalificha kwenye mfuko wa sweta ya shule, nikampelekea. Alilamba vidole vyangu mpaka vikakauka. Baada ya siku mbili nikachukua lingine. Nilikuwa na njaa kama kila mtoto wa mwaka ule, lakini sikuonja hata moja, na jambo hilo lilinipa fahari. Popi akajua mwito wangu. Nikipiga mluzi mfupi tu, anakuja mbio, mkia ukizunguka.

Susu hakukosa kuona. Mayai kumi na moja yakawa manane, kisha sita. Mama jirani akasema, "Si nilikwambia?" Jumamosi moja mjomba wangu akaja kutoka Kasikeu kutuletea maharagwe. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alizunguka nyuma ya zizi, akarudi na maganda mkononi, yale niliyoyaacha kwa upumbavu wa utoto. "Mama, mwizi wako huyu hapa. Tumtibu leo, la sivyo utakosa vifaranga vyote."

Dawa yenyewe kila mtu aliijua. Yai linachemshwa mpaka maji yanaruka, linatolewa likiwa moto vilevile, linatiwa mdomoni mwa mbwa, na taya zinashikwa zisifunguke. Hatagusa yai tena maishani.

Susu alinigeukia. "Wewe ndiye unayeokota. Umeona chochote?"

Nilimtazama mjomba, nikatazama fimbo iliyokuwa juu ya mlango.

"Sijaona, Susu."

Aliniangalia kidogo, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Hakutaka kuona. Maji yalipochemka mjomba alimwita Popi, hakuja. Mama jirani, aliyekuja kutazama, akamwita, hakuja. Mjomba akaniambia, "Huwa anakusikia wewe. Mwite."

Nikapiga mluzi.

Alikuja mbio. Alikuja moja kwa moja kwenye mkono wangu, akaunusa, akasubiri. Sitakuambia sauti niliyoisikia baadaye, maana haikuwa kubweka wala kulia, na mdomo ulikuwa umeshikwa. Hakumuuma mtu.

Aliingia chini ya ghala. Uso ulivimba, mate yakamtoka siku nzima. Hakuweza kula wala kulamba watoto wake, na watatu wakafa mmoja baada ya mwingine. Siku ya tatu nilichukua yai jingine, la mwisho nililowahi kuchukua, nikapiga magoti nikamnyoshea. Kwa akili yangu ya kitoto nilikuwa naomba msamaha. Popi aliliona lile yai, akauona na mkono wangu, akajiburura nyuma mpaka akagonga nguzo, akajikojolea. Asubuhi iliyofuata alishuka njia ya kijitoni, polepole, na hatukumwona tena.

Mimi niliacha kuchukua mayai. Basi yakaacha kupotea, na kijiji kizima kikasema dawa imefanya kazi.

Wiki kadhaa baadaye Susu alikuwa akifua sare zangu. Aliniita. Alikuwa ameshika sweta, ameugeuza mfuko nje, umekauka kwa ute wa yai.

"Ulikula wewe?"

"Hapana, Susu. Nilimpa Popi."

Alikaa chini palepale kwenye matope ya kufulia. Nilingoja kofi. Halikuja. Akauchovya mfuko majini, akasema, "Afadhali ungekula." Akaendelea kufua. Hakumwambia mtu yeyote, na mpaka anakufa hakufuga mbwa mwingine.

Yule mtoto mmoja wa Popi aliyepona alilelewa kwa uji, kisha mjomba akamchukua Kasikeu. Alikuwa mbwa mzuri, aliishi miaka mingi. Kila Krismasi mjomba alimsifu mbele ya wageni: "Mama yake alikuwa mwizi, lakini huyu hajawahi kugusa kitu cha mtu." Watu walicheka. Mimi niliinamia sahani yangu. Nikakua, nikaolewa, nikarudi Krismasi baada ya Krismasi, na kila mara nikasema mwaka ujao nitamwambia. Tulimzika mjomba mvua ikinyesha, na sikuwa nimemwambia.

Ghala halipo tena. Zizi lilibomolewa, mipera ikakatwa, na uwanja niliokuwa nikifagia umepandwa maparachichi ya mtu nisiyemfahamu. Wachache waliobaki wanaokumbuka kwamba Susu alikuwa na mbwa, wanamkumbuka mbwa huyo kwa jambo moja tu: aliiba mayai. Hakuiba. Alikula alichopewa na mtu aliyemwamini.