Jaketi la Kujaribiwa Sakafuni

Dada yangu ni fundi cherehani, na akikwambia kaa, unakaa. Ndivyo nilivyojikuta sakafuni katikati ya duka la vifaa vya uvuvi, mtu mzima na kitambi changu, miguu nimeinyoosha, wateja wananiruka.

"Kwenye boti huwa unasimama?" aliniuliza. "Basi hapa unajaribu umesimama ili iweje?"

Boti yenyewe ni ya mpira, ya kujaza upepo, inachukua watu wawili wakibanana. Ilikuwa ya shemeji, mume wa huyu dada. Miezi minne iliyopita shemeji alizama bwawani akiwa peke yake, na boti ilipookotwa, jaketi lake la kuokolea lilikuwa ndani, limebonyea katikati. Alikuwa amelikalia. Tangu siku hiyo nimekufa ganzi. Nakula, nalala, nacheka panapochekesha, ila sihisi kitu. Nilipomwambia dada nataka kurudi kuvua, hakunikataza. Alisema atanitafutia jaketi ambalo sitatamani kulivua, na akilikosa, boti ataichana kwa mkasi wake. Namjua, angeichana.

La kwanza lilikuwa na sponji mgongo mzima. Nikiegemea kama ninavyoegemea ukingo wa boti, linanisukuma mbele na kunikaba kidevu.

"Hilo ungelivaa kutwa?"

"Nusu saa," nikasema. Kumdanganya huyu ni kazi bure.

La pili lilikuwa jembamba, la kujijaza upepo lenyewe likilowa. Nililipenda, sifichi.

"Na ndoano ikilitoboa?" dada akauliza. "Boti upepo, jaketi upepo. Wewe mwenyewe maneno yako upepo. Vua."

La tatu, sponji ya mgongoni iliishia juu, chini yake ni wavu mtupu. Nikajifanya narusha ndoano mara kumi, makwapa hayakukwaruzwa. Muuzaji, bwana mmoja mpole mwenye miwani, akakaza mikanda ya ubavuni, kisha akalishika mabegani na kulivuta juu. Halikusogea.

"Hicho ndicho kipimo," akasema. "Watu hununua kubwa, eti wavalie sweta ndani. Wakikaa linapanda hadi masikioni. Mwisho wanalivua, wanalikalia."

Dada alikuwa amepiga magoti akikagua mshono. Mkono wake ukasimama.

"Mwaka jana haya yalikuwepo?"

Ningeweza kumkonyeza yule bwana aseme hapana. Nilikuwa namtazama usoni kabisa. Sikumkonyeza.

"Huu mwaka wa tatu tunayauza, mama."

Alilipa bila kuomba apunguziwe, na huyu ni mtu wa kubishania hata bei ya sindano. Nje watu walianza kunicheka, nikataka kulivua.

"Liache mwilini," akasema. Tukatembea hadi kona ya duka la viatu. "Lile la shemeji yako nilichagua mimi. Nikamwongezea saizi moja, kwa ajili ya sweta."

"Dada, hukujua."

"Nimemshonea miaka kumi na tisa. Kipimo chake nilikuwa nacho kichwani."

Msemo wa maji yakimwagika hayazoleki ulinijia mdomoni, nikaona aibu kuutamka. Nilitaka kulia naye, machozi yakagoma. Nikatembea ubavuni mwake hadi nyumbani, jaketi mwilini.