Majani ya Kona ya Kisiba

Nilizoa majani yaliyolazwa barabarani nikayatupa juu ya ndizi za watu. Naanza na ujinga wangu mapema ili usije ukanikatiza mbele. Yaliyofuata yalinipata mimi mwenyewe, saa tano ya asubuhi, sijaonja hata togwa. Kama huamini, njoo kwetu Msasani, hii ya Tukuyu, nikusimulie mara ya pili, uone kama kuna neno litabadilika.

Nilikuwa na leseni ya malori, mpya, inang'aa. Kazi ndiyo sikuwa nayo. Kila tajiri aliulizia uzoefu, na uzoefu wangu mwingi nimeupata kwenye kochi la mama. Mimi ni mtu wa nyumbani, napenda chai yangu iwe karibu. Hatimaye Haji mmoja, mfanyabiashara wa ndizi hapa Tukuyu, akanionea huruma.

"Kijana, Fuso hiyo hapo. Nenda Kisiba, pakia, rudi. Gari na ndizi vikifika pamoja, kazi ni yako. Kikija kimoja bila kingine, usije."

Kupakia kulikwenda vizuri. Wakati wa kurudi ukashuka ukungu, ule wetu wa Rungwe ambao ungeweza kuutundikia koti. Kabla ya kona moja ya mteremko nikaona matawi mabichi yamepangwa barabarani. Maana yake unaijua: mbele kuna gari bovu, punguza mwendo. Nikasimama, nikashuka, nikachungulia kona. Hakuna gari, hakuna mtu. Nikamkumbuka ng'ombe wa mama, aliyelala njaa kwa sababu zamu ya kumkatia majani ilikuwa yangu. Sasa wewe ungeyaacha?

Niliposogea mpaka katikati ya kona, gari likazimika. Nikawasha. Kimya. Nikawasha tena huku nikilibembeleza kama mchumba. Kimya.

Kioo kikagongwa. Mzee, ovaroli ya bluu, mikono imejaa grisi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, niamini, lakini yeye alikuwa mkavu kama unga.

"Ugonile, mwana gwangu," akanisalimia Kinyakyusa, kwa upole. "Majani yangu umeyapeleka wapi?"

"Shikamoo, baba. Nilidhani hayana mwenyewe."

"Marahaba. Gari liko kwenye kona, na wewe unaondoa alama? Shuka uyarudishe."

Nikataka kubisha. Kisha nikatazama miguu yake: amesimama kwenye tope, na tope halijabonyea. Ubishi ukaniisha. Nikabeba majani mbio, yeye nyuma anafoka: "Mbali zaidi! Zaidi! Unadhani lori linasimama kama mbuzi?"

Nilikuwa nalaza tawi la mwisho niliposikia muungurumo. Lori la mbao likachomoza ukunguni, dereva akaona majani, akakanyaga breki, matairi yakalia. Likasimama hatua moja tu nyuma ya Fuso ya Haji. Nikageuka nimshukuru mzee. Hayupo.

Dereva wa mbao akashuka, akanitazama nikirudi mbio kwenye Fuso. "Ovaroli ya bluu?"

"Ndiyo, kaka."

"Una bahati. Aligongwa hapahapa akitengeneza gari lake, kuna mtu alikuwa ameyazoa majani yake. Sisi wa njia hii kila tukipita tunamwekea mapya. Wewe kazi umefundishwa na nani?"

Nikapanda, nikawasha, gari likawaka mara moja, kama halikuwa lile lililogoma.

Haji nilimwambia yote, huku nikiiaga kazi moyoni. Akazunguka gari, akagusa mikungu, akacheka. "Waliokutangulia waliniambia hawaogopi kitu. Magari waliyoendesha yako gereji. Wewe unaogopa. Kesho uje alfajiri."

Huu ni mwaka wa pili. Kila nikifika kona ile nashuka, naweka matawi, natoa shikamoo. Mara mbili nimeitikiwa, na mara zote mbili nilifika Tukuyu sikumbuki njia. Nawe nakuonya: majani ya barabarani usiyaguse, hata usipoona gari. Huenda gari lenyewe ni lako, halijafika tu.

Jirani yangu, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Tabora, nilimsimulia kisa hiki chote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema: "Mimi la mzimu sibishani nawe. Linalonishinda ni mtu mzima, mwenye leseni, kuona alama ya hatari akaona chakula cha ng'ombe."