Namba Nyeusi za Koszalin

Kila Jumamosi jirani yangu wa chini hulipiga mswaki bamba la namba la Polonez yake, gari lenyewe akiliachia kutu. Bamba ni jeusi, la enzi mji wetu wa Koszalin, hapa Poland, ulipokuwa makao makuu ya mkoa. Mwaka tisini na tisa wakubwa wa serikali kule Warszawa walitufutia mkoa, wakatutia chini ya mji wa Szczecin, na gari la zamani likiuzwa, bamba hilo hung'olewa. Kwa hiyo haliuzi. Ukimwuliza bei anakunyooshea mswaki: "Nikuuzie ili walivishe namba mpya? Toka hapa." Wanaomcheka wananiudhi; mkoa ule ulikuwa wangu pia.

Binti yake Bogna, aliyeolewa Szczecin, huamriwa kuegesha nyuma ya mapipa ya taka, namba zake za Szczecin zisionekane. Jana alikuja kumpeleka baba yake hospitali hukohuko Szczecin, ugonjwa wa moyo umemlemea, akasimamisha gari mlangoni kabisa. Mzee, midomo imegeuka buluu, akaigonga boneti kwa fimbo.

"Rudisha kule nyuma."

"Baba, huwezi kutembea."

"Nimesema rudisha."

Akarudisha. Mzee akajikokota hadi kwenye mapipa, akiegemea kila ukuta, akaketi garini, akafunga mkanda.

"Nikifia huko," akasema, "usinirudishe kwa gari hili."