Upatu wa Majina

Kwao walimwita Msomi tangu akiwa na meno ya utoto, kwa sababu alipenda kushika gazeti na kukunja uso kama mtu mzima, hata kama gazeti lenyewe amelishika juu chini. Jina likamganda. Alipokuja kuwa mhadhiri wa utalii chuoni, mtaa mzima ulijiona umetabiri. Nami sitamwonea: kazi yake aliipenda na aliijua. Ungemkuta kwenye kumbi za hoteli na kalamu yake, akiwauliza wageni kwa nini mwaka jana walikuja hapa na mwaka huu wamekwenda kwingine, na kusikiliza jibu mpaka mwisho. Si wahadhiri wote wanaoliweza hilo.

Balaa lilianzia kwenye chai. Korido yao ilikuwa na ofisi tano na birika moja la umeme, na birika lilikuwa kwa mhandisi. Kwa hiyo kila asubuhi walikutana kwake: mhandisi mwenyewe, mtaalamu wa kompyuta, mchumi, mkemia anayetafuta dawa kwenye majani, na Msomi wetu. Chuo kilikuwa kimeanza kudai kila mhadhiri achapishe makala za utafiti kwenye majarida ya kitaaluma, tena si moja wala mbili, la sivyo kupandishwa cheo atakuwa anakusikia kwa wenzake tu. Walinung'unika, wakalaani, wakanywa chai. Mwisho mchumi akaweka kikombe chini.

"Jamani, si tucheze upatu?"

"Upatu wa nini, kwa mshahara huu?"

"Wa majina. Kila mtu anaandika makala yake moja, ile anayoijua, halafu anatuweka wote. Unatoa moja, unapokea tano. Nionyesheni biashara nzuri kuliko hiyo."

Walicheka mpaka mhandisi akamwaga chai kwenye michoro yake. Kisha wakaacha kucheka, wakapanga zamu.

Hakuna aliyetamka neno udanganyifu. Walisema ushirikiano wa taaluma, na mkuu wa kitivo aliwasifu mbele ya kikao kwa kubomoa kuta kati ya fani. Siku ya kwanza Msomi alipoliona jina lake chini ya makala ya uzito unaobebwa na madaraja, katikati ya hesabu ambazo hakujua hata zinasomwa kuanzia upande gani, aliona soni kidogo, kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi akanyamaza. Makala ya kompyuta ilipotoka, ile ya kutabiri foleni za magari, soni ilipungua. Ya bei za nafaka ilipotoka, soni hakuisikia kabisa. Ya majani yanayoshusha sukari mwilini ilipotoka alikuwa ameshapanda cheo, na alichofanya ni kumpongeza mkemia kwenye korido huku akitafuta ufunguo wa ofisi.

Sasa huku nyumbani kulikuwa na mama yake. Mama alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, amestaafu, na mtaa bado unamwita Mwalimu, wakiwemo watu wenye mvi aliowachapa mwenyewe. Alikuwa akiishi na binti yake wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitindamimba, na huyo ndiye aliyezikuta makala za kaka yake mtandaoni na kuchapa ukurasa wa kwanza wa kila moja. Mwalimu alizipeleka kwa fundi wa fremu. Zikapanda ukutani sebuleni: daraja karibu na saa, kompyuta na nafaka juu ya televisheni, majani mahali pazuri kuliko pote, mkabala na kiti cha wageni. Ile ya Msomi mwenyewe, ya hoteli, aliitundika nyuma ya mlango, maana alikuwa haoni sana hoteli nayo ni elimu gani.

Mgeni alikuwa hapewi hata maji kabla ya kuzungushwa ukutani. Siku moja mjomba alimkamata Msomi mbele ya ndugu wote. "Mpwa wangu, hili daraja letu la hapa chini lina nyufa. Lori la mchanga likipita, litahimili?"

Msomi alijikohoza. "Mjomba, linahitaji uchunguzi wa kina."

"Mmesikia!" mjomba akawaambia wengine, ameridhika kabisa, na Mwalimu akavimba kwa furaha pale kwenye kochi. Msomi alikula chakula chake akiangalia sahani. Aliona aibu, usidhani hakuona. Ila ilikuwa aibu ya kumezwa pamoja na tonge, halafu ikapita.

Kitindamimba alimpigia simu siku moja asubuhi, Msomi akiwa darasani anafundisha. Alitoka nje kupokea.

"Kaka, mama ana kidonda mguuni hakifungi. Na jana kizunguzungu kilimshika bafuni. Nimekuja kugundua vidonge vyake vya sukari vyote vipo kabatini, hajavigusa tangu mwezi juzi."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Anakunywa majani yako."

"Majani yangu yapi?"

"Ya kwenye fremu, kaka. Yale yenye maua ya njano. Si yameota kando ya ukuta pale nje? Anayachuma, anayachemsha, anajaza chupa ya chai. Nikisema neno ananiambia mimi na kaka yangu nani msomi."

Msomi hakurudi darasani. Alikwenda moja kwa moja kwa mkemia, akamkuta kati ya chupa zake, akafunga mlango.

"Bwana, yale majani yako. Mtu akinywa inakuwaje?"

"Mtu gani? Sisi tuliwapa panya."

"Najua ni panya. Nauliza mtu."

"Hakuna mtu aliyejaribiwa. Na panya wenyewe, waliopewa muda mrefu figo ziliharibika. Si tumeandika mle, karibu na mwisho. Kwani hukuisoma?"

"Nilisoma," Msomi akasema.

Mwone huyo. Mama yake huenda anakunywa sumu, naye bado anamdanganya mtu pekee anayejua kwamba anadanganya. Mkemia alivua miwani, akaifuta polepole kwa koti lake jeupe.

"Mimi yako ya hoteli sikuisoma," alisema. "Nani anakunywa?"

Msomi alifungua mlango akatoka.

Njia nzima alitunga maneno. Atasema utafiti mpya umeleta mashaka. Atasema jarida limekosea uchapaji. Atasema wamegundua majani ya mtaani si yale yale ya maabara. Kila uongo ulikuwa mzuri, na kila mmoja ungemwacha na heshima yake mkononi. Alipofika mlangoni alikuwa amechagua ule wa kwanza.

Mwalimu alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, umefungwa kitambaa safi. Chupa ya chai ilikuwa mezani pembeni yake na kikombe kimejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Saa za kazi hizi, kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kukuona mguu."

"Mguu ni mguu tu, utapona. Kaa. Kitindamimba, mletee kaka yako kikombe, naye aonje dawa yake."

Kitindamimba alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kifuani, wala hakuleta kikombe. Msomi alikaa kwenye kile kiti cha wageni, na kwa hiyo alipoinua macho alitazamana na fremu. Jina lake lilikuwa la tatu. Mwalimu alikuwa amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

"Mama, kuhusu haya majani. Utafiti bado unaendelea. Mambo haya yanahitaji uchunguzi wa kina..."

"Si umeshachunguza?" Alionyesha ukutani kwa kidevu. "Au ni watu wa hospitali wamekupigia? Nilijua tu. Nilijua wakiona sifuati vidonge vyao watakutafuta wakutishe."

"Hawajanipigia. Ila tumeanza kupata mashaka..."

"Baba, nisikilize. Mimi si mjinga. Waganga wa majani wamepita mlangoni hapa miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuninywesha hata kijiko. Haya nimekunywa kwa sababu ni wewe. Angekuwa mwingine yeyote, nisingegusa." Akachukua kikombe.

"Mama, weka chini."

"Kinapoa."

"Weka chini, mama. Sikuandika mimi."

Kikombe kilibaki hewani. "Hukuandika nini?"

"Hiyo makala ya majani. Aliandika mkemia. Jina langu limewekwa tu."

Mwalimu alimtazama, kisha uso ukamwaka. "Amekuwekea jina bila wewe kujua? Mshenzi gani huyo! Nipe namba yake. Nipe sasa hivi, nimwambie mimi ni nani!"

Tazama mama alivyo. Hata pale alikuwa amemfungulia mwanawe mlango, na mlango wenyewe mpana. Angeitikia kwa kichwa tu, mkemia angebeba mzigo wote, vidonge vingemezwa, na fremu moja ingeshuka. Msomi aliuona mlango huo. Nakuambia ukweli, alinyamaza kidogo akiuangalia, na kunyamaza huko ndiko kulikomwaibisha baadaye kuliko mengine yote.

"Nilijua, mama," alisema. "Nami nilimweka yeye kwenye yangu. Tulikuwa tunapeana. Na majani haya yamejaribiwa kwa panya tu, na baadhi yao figo zimekufa. Imeandikwa mle ndani. Mimi nimeijua leo asubuhi."

Mwalimu alirudisha kikombe mezani. Alikiweka taratibu, akakisogeza mbali na mkono wake.

"Na daraja?"

"Mhandisi."

"Siku ile mjomba wako alipokuuliza mbele ya watu..."

"Sikujua kitu, mama."

"Ya kompyuta?"

"Mwenye kompyuta."

Ya nafaka hakuiulizia. Macho yake yalizunguka ukutani mara moja, yakarudi. "Ipi yako?"

"Ya hoteli."

Hakuna aliyegeuka kuitazama, maana mlango ulikuwa wazi na umeifunika. Kitindamimba aliangalia sakafu. Msomi alisikia masikio yanawaka, mikono haijui iende wapi. Alitamani mama apige kelele, amtukane, amrushie hata kigoda.

"Mimi nilikuwa nawasimamisha watoto mbele ya darasa kwa jambo hili," Mwalimu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Watoto wa darasa la tatu. Wengine walijikojolea." Akamgeukia binti yake. "Lete vidonge. Na piga simu gari lije, twende wakautazame huu mguu."

Akameza vidonge kwa maji. Msomi alipumua, akafikiri limekwisha. Alikuwa ameinama kumvalisha mama viatu pale alipoambiwa, "Tutapitia kwanza kwa fundi viatu."

"Kufanya nini, mama?"

"Naye ana sukari. Naye ameacha vidonge. Nilimpa majani kwa mkono wangu, nikamwambia mwanangu ndiye aliyeyagundua."

Msomi aliachia kiatu. "Nitampigia simu, mama. Nitamweleza vizuri."

"Simu?" Mwalimu alijikaza akasimama. "Majani nilimpelekea kwa miguu."

Kibanda cha fundi viatu kilikuwa mwisho wa mtaa huo huo, na gari lilisimama mbele yake huku injini ikiunguruma. Fundi alikuwa ameketi kati ya visigino na soli, mtu mzima mwenye mvi zake, mmoja wa wale waliopitia darasani kwa Mwalimu. Kando ya kopo la gundi palikuwa na kikombe chenye maji ya kijani.

"Ah! Msomi mwenyewe!" Aliweka nyundo chini, akajifuta mikono kwenye aproni ili amsalimie kwa heshima. "Shikamoo, Mwalimu. Ona sasa, leo nimeamka mwepesi, dawa inafanya kazi. Nilikuwa namwambia mke wangu, siku nikimwona huyu kijana nitamshukuru kwa mikono miwili."

Akainyoosha kweli, yote miwili. Msomi hakuweza kuishika.

"Mwanangu ana neno," Mwalimu akasema, akashika nguzo ya kibanda.

Msomi alilisema. Alilisema vibaya, kwa kurudia rudia, na alipofika kwenye panya ikabidi aanze upya. Alisema makala si yake. Alisema jina ni lake lakini kazi si yake. Alisema majani yasinywewe tena, vidonge virudiwe leo hii, na gari lile pale lina nafasi, twende wote tukapimwe. Mpita njia mmoja alipunguza mwendo kusikiliza, na Msomi akaendelea hivyo hivyo, jasho likimtiririka mgongoni.

Fundi alikaa na mikono yake mapajani. Alichukua kile kikombe, akakimwaga nje ya kibanda, akakifuta. Msomi alisubiri matusi. Alikuwa tayari kwa matusi, angeyapokea kama haki yake.

Lakini fundi hakumtazama Msomi hata kidogo. Alimtazama Mwalimu, kwa muda mrefu, bila ukali, akisubiri aseme kwamba si kweli. Na Mwalimu, ambaye alikuwa hajawahi kuinamisha macho mbele ya mwanafunzi wake, akayainamisha.